Norwei wanasema watatoa 70% na zaidi ya mafuta yao baharini kwa dijitali, sisi huku 20 na kitu. Kompyuta inavutaje mafuta?

Mtoto wa Chongoleani:

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa zangu mliopo humu.

Mimi niko mwaka wa tatu nasoma uhandisi wa petroli, nyumbani Tanga, palepale bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linapokuja kuishia, kwahiyo kila nikirudi likizo wazee wa kijiweni wananiuliza mafuta yatatoka mangapi na yatakwisha lini kama vile nayahifadhi mimi uvunguni. Sasa juzi darasani tumeambiwa Uganda chini ya ardhi kuna mapipa bilioni 6.5 lakini yanayohesabika kwamba yatatoka ni bilioni 1.4. Nikapiga hesabu inakuja kama 21.5% hivi. Yaani bilioni tano zinabaki kulekule chini na watu wanaona sawa tu!

Halafu usiku nikawa nasoma habari za Johan Sverdrup, ule uwanja mkubwa wa Norwei katika Bahari ya Kaskazini, mapipa bilioni 2.7, wenyewe wanasema lengo ni kuvuka 70%. Wastani wa dunia tunafundishwa ni kama theluthi tu. Na kila makala niliyofungua siri wanayotaja ni moja, dijitali. Sensa chini ya bahari, pacha wa kidijitali, akili bandia, mara data inakuja nchi kavu kwa faiba.

Swali langu ni la kishamba kidogo mnivumilie. Pampu naielewa, maji ya kusukuma naelewa. Kompyuta inavuta nini? Haigusi mafuta. Na kama ni kompyuta tu, si na sisi tununue? Wajuzi karibuni, wale wa matusi jukwaa la siasa liko wazi.

Pwagu wa Keko:

Kompyuta haivuti mafuta mkuu, inavuta bajeti. Nimekaa paleee nawasubiri wajuzi.

Stavanger Kwa Baridi:

Dogo swali lako sio la kishamba hata kidogo, huku Norwei ninapoishi kuna watu wana mashahada mawili na bado hilo swali wanalijibu kwa slaidi zenye mishale. Mimi nafanya kazi za data za visima, sio bosi wa mtu yeyote, nitakwambia ninavyoelewa.

Kwanza futa ile picha ya ziwa la mafuta chini ya bahari. Mafuta yako ndani ya jiwe, kwenye vitundu vidogo vya mchanga ulioshikamana. We ni mtu wa Tanga nazi unazijua. Ukikuna nazi ukakamua bila maji linatoka tui zito kidogo, hilo ndo mafuta yanayokuja yenyewe kwa presha ya asili. Ukitaka zaidi unaongeza maji unakamua tena, tui la pili, hapo ndo kusukuma kwa maji. Ukimaliza inabaki chicha, na chicha ukiiminya kwa vidole bado unaona inateleza, mafuta yamo. Sasa tofauti ya mpishi na mpishi iko wapi? Wote wana maji, wote wana kifumbu. Mmoja anakamua upande mmoja tu wa lile tonge, mwingine anajua upande gani bado haujaguswa.

Tatizo la maji ni mavivu. Yanapenda njia rahisi. Unayaingiza kisima hiki yasukume mafuta kwenda kisima kile kilometa kadhaa mbele, yenyewe yanapata tabaka la mchanga laini yanakimbilia humo mpaka yanatokea kwenye kisima cha kutolea, na mafuta ya pembeni yameachwa yamekaa tu yanawaangalia. Kuanzia siku hiyo unatoa maji mengi mafuta kidogo na gharama ya kuyasafisha yale maji inakula faida. Kwahiyo swali la pesa kwenye uwanja wowote mkubwa ni moja tu, maji yamefika wapi LEO. Sio kwenye mchoro wa miaka mitano iliyopita.

Hapo ndo dijitali inaingia. Pale Sverdrup, kabla ya mambo kuchanganya, walilaza nyaya za faiba kwenye sakafu ya bahari, kilometa 380 hivi, zina sensa za kusikiliza zaidi ya 6,500, eneo la kilometa za mraba zaidi ya 120. Kina cha maji pale sio cha kutisha, mita 110 mpaka 120. Nyaya zinakaa hapohapo miaka yote. Ukitaka kupima unaleta meli inapita juu inapiga bunduki za hewa, puuu, puuu, mtetemo unashuka kilometa karibu mbili unagonga miamba unarudi, sensa zinasikia. Baada ya miezi kadhaa unarudia. Kisha unachukua picha ya kwanza na ya pili unaitoa moja kwenye nyingine. Kilichobaki ni mabadiliko, na mabadiliko mengi ni maji yalipopita. Ni kama daktari mwenye eksirei ya kifua ya mwezi huu na ya mwezi wa tatu kaziweka kwenye taa pamoja.

Zamani pia walikuwa wanapima kwa kurudia ila meli ilikuwa inakokota nyaya nyuma yake na mawimbi ndo yanaamua sensa iwe wapi. Ukipiga picha mbili umesimama sehemu tofauti huwezi jua kama nyumba imehama au ni wewe umehama. Walioanza mchezo wa nyaya za kudumu kwa ukubwa huo ni Valhall, hukuhuku Norwei, mwaka 2003, kwahiyo sio teknolojia ya juzi.

Ukiijua ramani ya maji unafanya mambo mawili. Unachimba kisima kinachofuata pale yalipobaki mafuta badala ya kubahatisha, na kisima kimoja cha baharini ni mamia ya mamilioni ya krona, pesa ya huku, kubahatisha ni ghali. La pili unabana visima vilivyopo. Siku hizi kisima kinaenda chini kisha kinalala kwenye mwamba kilometa na ushee, na ndani kimegawanywa vyumba vyenye valvu. Chumba kinacholeta maji unakifunga ukiwa umekaa nchi kavu na kikombe cha kahawa.

Piga hesabu ndogo. Kama bilioni 2.7 ni kama theluthi mbili ya kilichomo, basi asilimia moja ya kilichomo ni mapipa takriban milioni 40. Asilimia moja tu hiyo. Ndo maana hawalali.

Mtoto wa Chongoleani:

Mkuu Stavanger hapo kwenye chicha umenimaliza, nitaitumia kijiweni neno kwa neno. Lakini umeruka pacha wa kidijitali na akili bandia, na ndo vitu vinavyotajwa sana.

Stavanger Kwa Baridi:

Nimeruka makusudi maana hapo watu wanachanganya mambo mawili na wanaochanganya zaidi ni wale wa matangazo.

Pacha wa kidijitali, pale wanamwita Echo, ni mfano wa mtambo mzima kwenye tableti. Fundi yuko kwenye jukwaa, anamulika bomba, anaona namba ya valvu, lini ilifunguliwa, presha sasa hivi ngapi, karatasi za kazi ziko wapi. Kitu kizuri sana, kinaokoa muda, mtambo hausimami ovyo. Ila hakiongezi mafuta yanayotoka kwenye jiwe moja kwa moja, kinasaidia yatoke kwa WAKATI. Equinor, kampuni inayoendesha uwanja huo, walitangaza kwamba mwaka wa kwanza dijitali iliwaongezea zaidi ya krona bilioni 2 pale Sverdrup, na siwakatalii, lakini sehemu kubwa ya raha kama hiyo ni kutoa haraka zaidi. Angalia, walianza Oktoba 2019 na mtambo uliopangwa mapipa 440,000 kwa siku, wakausukuma mpaka 535,000 kwa vyumavyuma vilevile, awamu ya pili ikaja Desemba 2022 ukapanda 720,000, wakausukuma tena 755,000. Hiyo ni kasi. Kasi na jumla ni ndugu lakini sio mtu mmoja. Unaweza kunywa uji haraka na bado ukabakiza bakulini.

Akili bandia ndo kazi yangu ya kila siku kwahiyo nitaisema vibaya kidogo. Sehemu inayosaidia kweli ni hii. Chini hakuna mtu aliyekwenda, kwahiyo modeli ya mwamba ni dhana. Zamani mlikuwa na modeli moja, kila mtu anaiamini, ikikosea mnaibandika viraka. Sasa unatengeneza modeli mia au zaidi, zote zinakubaliana na data mlizonazo lakini kila moja ina siri yake, unazikimbiza zote usiku kwenye kompyuta kubwa, asubuhi unauliza kisima hiki kinafaa kwenye ngapi kati ya mia? Kama 85 zinasema ndiyo unachimba. Zikiwa 40 unanyamaza unarudi kuangalia picha za mitetemo. Hakuna uchawi hapo, ni kukubali kwamba hujui halafu ukahesabu ni kiasi gani hujui.

Dada Mwamba:

Nimefika, samahani kwa kuchelewa nilikuwa nalaza watoto.

Kaka Stavanger ameeleza vizuri ila ameisahau bibi harusi kwenye harusi yake, yaani jiwe lenyewe. Mimi ni mjiolojia na naona vijana wetu wanakuja wakidhani ukiwa na programu nzuri kila jiwe linatoa 70. Hapana jamani!

Namba kwanza ziwe sawa. Hesabu ya sasa ya Sverdrup ni kama 66%, lengo lao ni 75. Wastani wa Norwei nzima ni 47 hivi, na hiyo tayari ni juu sana kwa dunia. Sasa jiulize, kampuni ni zilezile, kompyuta ni zilezile, sheria ni ileile, mbona viwanja vingine vya Norwei viko 40 na huyu yuko 66? Ni kwa sababu mchanga wa Sverdrup ni wa enzi ya Jura, umechujika, vitundu vimeunganika vizuri mno, mafuta yanapita humo kama maji kwenye changarawe. Mungu kafanya nusu ya kazi kabla hata ya faiba. Na bado pamoja na uzuri wote huo kuanzia miaka ya 60 watu walishachimba maeneo yale ya Utsira, sehemu hiyohiyo ya bahari, wakaupita pembeni, umekuja kuonekana 2010. Kampuni mbili zikawa na ugunduzi vitalu jirani, kila mmoja na jina lake, kumbe ni uwanja mmoja!

Halafu kuna mfano mimi naupenda kuliko Sverdrup. Ekofisk, nao uwanja wa Norwei. Umegunduliwa 1969, jiwe lake ni chaki, chaki kweli aina ile ya ubaoni, vitundu vingi lakini havipitishi. Mwanzo walitegemea kutoa kama 17% tu. Chini ya ile 21 ya Uganda tunayoilalamikia! 1987 wakaanza kusukuma maji kwa ukubwa, na sakafu ya bahari ilikuwa inazama kwa sababu jiwe linajikunja mafuta yakitoka, mwaka huohuo wakayanyanyua majukwaa kwa jeki mita 6. Leo makadirio yamevuka 50%. Kutoka 17. Sehemu kubwa ya safari hiyo ni maji na visima vingi na ukaidi, faiba za chini ya bahari zimekuja baadaye sana kama 2010. Kwahiyo mdogo wangu usiangalie Sverdrup ukakata tamaa, angalia Ekofisk.

Kuhusu Uganda, mafuta yale ni ya nta. Yakipoa yanaganda kama mafuta ya kupikia ya kopo wakati wa kipupwe, ndo maana hilo bomba la kilometa 1,443 linalokuja kwenu Chongoleani linapashwa moto njia nzima. Ndani ya ardhi ni ya moto yanatembea, lakini ni mazito kuliko maji yanayoyasukuma (uzito wa kunata kama uji, sio wa kilo), na maji mepesi yakisukuma kitu kizito yanapenya katikati kama vidole kwenye ugali wa moto, hayasukumi uso mzima. Hiyo ndo shida ya kule, kompyuta itakuonesha vidole vilipopita lakini haiwezi kuvizuia. Cha kuvizuia labda uyaongezee maji uzito huo kwa polima, yaani kemikali ya kuyafanya yanate, na hiyo ni gharama nyingine. Faraja ni kwamba kule ni nchi kavu, mradi wa Tilenga peke yake mpango ni visima zaidi ya 400 kwenye viwanja 31 vya kuchimbia. Baharini visima 400 hakuna anayekulipia.

Jirani wa Somanga:

Mbona mnasema 70 ni maajabu, hapa kwetu Songo Songo gesi inatoka tangu 2004 na sijasikia kompyuta wala nini. Au gesi haihesabiwi?

Dada Mwamba:

Inahesabiwa ndugu yangu lakini ni mnyama mwingine. Gesi unaifungulia tu inatanuka yenyewe inatoka, 70 mpaka 80 kwa gesi ni kawaida. Mafuta hayatanuki hivyo, lazima kitu kiyasukume. Usizilinganishe, utawaonea watu wa mafuta.

Mnyoro Halisi:

Mimi ni wa Hoima nasoma kimya siku zote leo lazima niandike. Mnaongea asilimia asilimia, sawa. Hiyo 1.4 tuliambiwa ni ya kuanzia, itaongezeka wakijua zaidi mwamba. Sasa atakayejua zaidi ni nani? Maana sensa ni zao, kompyuta ni zao, modeli mia ni zao, sisi tunapewa ripoti ina kurasa nne na picha ya machweo ya ziwa. Kama data hatunazo hata wakisema imefika mwisho tutabisha kwa kitu gani?

Stavanger Kwa Baridi:

Mnyoro umegusa penyewe. Kaka huku ndiko kuna siri ambayo haiuzwi kwenye sanduku. Serikali ya Norwei kupitia ofisi yake ya mafuta inadai data. Kila kisima, kila mtetemo. Tangu 1995 kuna ghala la taifa la data linaitwa Diskos, kampuni zinaweka humo, na nyingi zikishakaa muda wa kisheria zinafunguliwa hata kwa washindani. Kampuni ikitaka kuufunga uwanja ofisi inaweza kuuliza kwanini mnaondoka wakati kaskazini mwa uwanja bado pana mafuta, na inauliza ikiwa na modeli yake mkononi. Serikali pia ina hisa kupitia kampuni yake ya Petoro, pale Sverdrup ni 17.36%, na kodi ya mafuta kwa ujumla ni 78%, sasa mwenye 78 kwenye kila krona ya faida ana sababu ya kuhangaika na asilimia moja ya mwisho kuliko hata kampuni.

Kwahiyo dogo aliyeuliza kwanini tusinunue, programu unaweza kununua kesho. Watu kumi ofisi ya serikali wanaoweza kuifungua modeli na kusema hapa mmetudanganya, hao huwanunui.

Pwagu wa Keko:

Nimekuja na swali la kichokozi. Huo uwanja wenu wa kidijitali si ndo ulizima wote Novemba 2024 kwa sababu umeme wa nchi kavu ulikatika? Bei ya mafuta dunia nzima ikashtuka. Huku kwetu mgao ukija tunawasha jenereta tu maisha yanaendelea 😂

Stavanger Kwa Baridi:

Hahaha Pwagu umenifuata mpaka kwangu. Kweli, tarehe 18 Novemba 2024, kituo cha kubadilishia umeme nchi kavu kilipata joto kupita kiasi, umeme ukakatika, uwanja wote kimya. Wamechagua umeme wa nchi kavu ili wasichome gesi kwenye majukwaa, ndo maana hewa chafu yao ni chini ya kilo moja kwa pipa. Ila ndo hivyo, ukitegemea waya mmoja waya ukikohoa unalala nao. Kesho yake walianza kuwasha tena.

Baharia Mstaafu:

Assalam alaykum vijana. Mimi ni wa Mombasa, Kibokoni, nimefanya kazi Ghuba miaka kumi na tisa kwenye visima vya baharini, upande wa mafundi, sina digrii. Kule nako wanapigia hesabu 70%, sio Norwei peke yao, wamejenga mpaka visiwa vya mchanga baharini wakae juu yake wachimbe kutoka hapo. Nawasoma hapa nafurahi lakini iko kitu hamjakisema.

Kampuni moja sitaitaja jina, mie naila pensheni yake. Kisima kimoja kati ya vingi, chini kabisa kina sensa ya presha. Ofisini wanaona skrini, presha 212.4. Kesho 212.4. Wiki nzima 212.4. Injinia kijana mzuri tu, akaandika kwenye ripoti kisima kimetulia mashallah. Programu yao nayo ikaona kisima kimetulia ikaanza kusema vile vya jirani vibanwe hiki kiachwe wazi. Siku hizo kisima kimoja kimoja hupimwa peke yake mara moja kwa mwezi, vingine vyote vinaingia bomba moja, huwezi jua nani kaleta nini.

Zamu ya usiku alikuwa Mhindi mmoja wa Kerala, mtu mzima, hajui kompyuta ya kuandikia barua. Anapita kwa zile valvu zinazokaa juu ya kisima, wenyewe huita mti wa Krismasi, na yeye ana tabia yake, kila bomba hulipiga kofi dogo kama mtu anayepita akisalimia ng'ombe zizini. Akafika kile kisima akasimama. Akaweka kiganja chote. Akaniita, njoo shika. Nikashika. Baridi! Mafuta yanatoka chini na moto wake, bomba la kisima hai huwezi kuliwekea mkono muda mrefu. Lile lilikuwa baridi kama bomba la msikitini alfajiri. Kisima kimekufa, kimejaa maji, hakijatoa kitu siku nyingi.

Sensa iliharibika ikaganda kwenye namba yake ya mwisho. Ndio ile 212.4. Namba ya kweli haitulii hivyo wanangu, namba ya kweli huchezacheza, 212.1, 212.6, 211.9. Namba isiyocheza ni maiti. Na ile modeli yao ilikula uongo siku zote zile ikashiba ikatoa ushauri.

Sisemi dijitali mbaya. Baada ya hapo waliweka programu ya kukamata namba zilizoganda na ilifanya kazi nzuri sana. Lakini alieiandika alikuja kukaa na yule Mkerala siku tatu kwanza.

Dada Mwamba:

Mzee wangu shikamoo. Hii hadithi naipeleka kazini Jumatatu kama ilivyo.

Stavanger Kwa Baridi:

Shikamoo mzee. Hiyo ya namba iliyoganda nimekutana nayo mara nyingi kuliko nilivyokutana na akili bandia yenye akili.

Dogo wa Chongoleani, kabla mada haijazama. Unataka kuelewa haya mambo usisubiri kuajiriwa. Mwaka 2018 Equinor waliachia data zote za uwanja unaitwa Volve, mdogo, ulizalisha 2008 mpaka 2016, mapipa milioni 63, walifikisha 54%. Mafaili kama elfu arobaini, yote bure, mitetemo, visima, modeli, ripoti za uchimbaji za kila siku. Usijaribu kudanlodi yote utauza figo kwa ajili ya bando. Anza na faili moja la eksel la uzalishaji, lina kila kisima kila siku, presha ya chini, joto, valvu ilikuwa wazi kiasi gani, mafuta, gesi na maji. Chora maji dhidi ya mafuta uone tui la pili linavyobadilika kuwa maji matupu mwaka hadi mwaka. Ukizoea, programu ya kuendeshea modeli inaitwa OPM Flow ni ya bure, na ya kuangalia picha ni ResInsight, bure pia, laptop ya kawaida inatosha kwa uwanja mdogo.

Mnyoro Halisi:

Na mimi nitumieni hilo faili. Kama Norwei wamefungua ya kwao ya zamani, basi nasi tutauliza ya kwetu itafunguliwa lini.

Mtoto wa Chongoleani:

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita. Faili nimelipata, ni dogo kweli nimedanlodi kwa bando la chuo. Nimechora. Maji yanapanda vibaya mno, kuna kisima mwishoni kinatoa maji kuliko mafuta mara kadhaa na bado wanakiendesha tu, sasa naelewa kwanini mnasema gharama.

Ila nimekwama sehemu. Kuna kisima presha ya chini inasoma vizuri tu halafu ghafla inakuwa sifuri, na inabaki sifuri, huku safu ya mafuta inaonesha mafuta yanatoka kila siku kama kawaida. Nimerudia kudanlodi nikidhani faili limeharibika, iko vilevile. Rafiki yangu kaniambia nifute hizo siku zote. Nifute?

Baharia Mstaafu:

Usifute chochote mwanangu. Kisima kizima, sensa ndio imekufa. Hiyo sifuri ni afadhali mara mia kuliko 212.4, angalau yenyewe imekwambia imekufa. Sasa tafuta presha ya juu ya kisima kwenye safu ya pembeni, na joto, na ile valvu iko wazi kiasi gani, uone kama ungeweza kujua hali ya chini bila hiyo sensa. Sisi tulitumia mkono.